Jinsi ya kuongelea kujiboresha kwa Kiingereza bila kujikwaa: anza na -ji- zako mwenyewe

Kuna kipindi niliandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, nikataka kusema mimi ni mtu ninayejitambua, yaani najua nguvu zangu na najua udhaifu wangu, nikatafuta kichwani neno lenye "self" mbele na lenye kujua nyuma nikapata "self-conscious", nikaandika hivyo hivyo nikatuma. Rafiki yangu alipokuja kuisoma baadae ndo akaniambia, hapa umewaambia we ni mtu wa kujishtukia, mtu anayewaza muda wote watu wananionaje. Neno nililokuwa nalitaka ni "self-aware". Yaani maneno mawili yanafanana kabisa kwa nje, moja linakujenga na lingine linakubomoa, na hakuna spelling cheki ya kompyuta itakayokushtua kwasababu yote mawili ni sahihi.

Tangu hapo nimekaa sana na haya maneno ya kujiboresha na mtazamo wa maisha, na kitu nilichogundua ni kwamba sisi tunaoongea Kiswahili tuna mlango wetu wenyewe wa kuingilia huku, nao ni hii -ji- yetu. Hebu hesabu: kujiamini, kujituma, kujikaza, kujishusha, kujikubali, kujitambua, kujiona, kujilaumu, kujirekebisha, kujitahidi. Karibu kila kitu mtu anachoweza kusema kuhusu tabia yake tumekiweka kwenye kitenzi kimoja chenye -ji- katikati. Kwa hiyo badala ya kupakua orodha ya maneno mia mbili ya Kiingereza ukaanza kukariri, anza hivi: chukua karatasi, andika -ji- zako kumi, zile unazotumia kweli ukijiongelea wewe au ukimshauri mdogo wako. Hizo ndo utakazozihitaji kwa Kiingereza pia. Alafu kwa kila moja usitafute neno, tafuta sentensi nzima ambayo Mwingereza au Mmarekani angeisema akiwa kwenye hali hiyo hiyo. Nitakuonesha kwa mifano kwasababu hapa ndo penye kazi.

Kabla ya mifano jambo moja la kushika, -ji- nyingi zikifika kwenye Kiingereza zinapoteza kabisa ile "self". Kujifunza ni "learn" tu, ukisema "I learn myself English" umekosea, ukitaka kusema umejifunza mwenyewe bila mwalimu ndo unasema "I taught myself English". Kujisikia ni "feel" tu, "I feel better", hakuna "I feel myself better". Kujitahidi ni "try hard" au "do my best". Kujiandaa ni "get ready". Kwa hiyo ukiona -ji- usikimbilie "myself", kwanza jiulize wenyewe wanaisemaje.

Haya, kujiamini. Hii ni rahisi ila watu wanaikosea kila siku kwa kuchanganya nomino na kivumishi. "I am confident", mimi najiamini. "I have confidence", ninayo hali ya kujiamini. "I am confidence" haipo, na "I have a self-confidence" pia haipo kwasababu confidence haihesabiki, haichukui "a" mbele ikiongelewa hivi. Ukitaka ile ya ndani zaidi, ya kujiamini hata wengine wasipokuamini, sema "I believe in myself", na hiyo "in" usiiache, kwasababu "I believe you" ni nakubali unachosema na "I believe in you" ni nina imani na wewe, na hizo ni zawadi mbili tofauti kabisa ukimpa mtu. Ikizidi kipimo inakuwa "overconfident", na kwa lugha ya mtaani "cocky", hilo la pili usiliweke kwenye barua.

Kujituma ndo neno ninalolipenda kuliko yote na ndo gumu kuliko yote, maana ukilivunja vunja unapata "send myself" ambayo haina maana yoyote. Sisi tunaona mtu anajituma yeye mwenyewe kama bosi na mtumwaji kwa wakati mmoja, ni picha nzuri sana, Kiingereza hakina picha hiyo. Chenyewe kina "hard-working" kwa mchapakazi wa kawaida, kina "self-motivated" kwa asiyehitaji kusukumwa, na kina "self-starter", neno ambalo kabla ya kumhusu mtu lilikuwa jina la kifaa cha kuwashia injini bila mtu kushuka na kuizungusha kwa mkono, Cadillac walianza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka 1912. Ukijua hiyo hutalisahau tena, mtu anayejiwasha mwenyewe. Alafu kuna "go the extra mile", ya mtu anayefanya zaidi ya alichoombwa, mzizi wake ni Mathayo 5:41, pale mtu akikulazimisha uende naye maili moja nenda naye mbili. Ukiwa kwenye intavyuu na unataka kusema najituma, usiseme zote nne kwa pamoja, chagua moja na uiwekee ushahidi papo hapo. "I'm a self-starter. When our supervisor was away, I trained the two new people myself." Bila ile sentensi ya pili, ya kwanza ni upepo.

Sasa kujishusha, hapa tega sikio. Kwetu kujishusha ni adabu, ni sifa, mtu msomi anajishusha na watu wanampenda kwa hilo. Mtu akitafsiri moja kwa moja anapata "put yourself down", na hiyo kwa Kiingereza ni tabia mbaya ya kujidharau, kujisema vibaya mbele za watu. Rafiki mwema atakwambia "stop putting yourself down", acha kujidharau. Kujishusha kwetu ni "to be humble", "she's very humble". Na hapo hapo kuna shimo lingine, "humiliate", linafanana na humble na kweli ni ndugu, yote yametoka kwenye neno la Kilatini la ardhi, humus, ila "humiliate" ni kudhalilisha, kumfanya mtu aone aibu mbele za watu. "My teacher is humble" ni kumsifu mwalimu wako, "my teacher was humiliated" ni habari ya kusikitisha.

Kujiona, kwa maana ya huyu jamaa anajiona sana, ni "he's full of himself". Usiseme "he sees himself", mtu atasubiri umalizie anajiona kwenye nini, kwenye kioo au wapi.

Kujilaumu kuna sentensi mbili ambazo naomba uzishike hata kama hutashika kingine chochote humu: "don't be so hard on yourself" na "don't beat yourself up". Ya pili ukiitafsiri utaona usijipige, na kweli picha ni hiyo, mtu anayejishindilia ngumi kwa kosa ambalo limeshapita. Hizi ni kati ya sentensi za huruma zaidi kwenye lugha hii, na mtu akikwambia moja ya hizo usijibu kwa maelezo marefu, "thank you, I needed that" inatosha.

Na kujikaza nimeiacha mwisho makusudi maana hii imeumiza watu. Sisi mtu akifiwa, akiachwa, akifeli, tunamwambia jikaze, na ndani ya jikaze kuna mkono begani, kuna tupo pamoja. Ukienda kwenye kamusi utakuta "pull yourself together". Sikiliza, hiyo ni karipio. Ni ya mtu anayemwambia mwenzake acha kulia lia bwana. Ukimwambia mfiwa "pull yourself together" umemwambia huzuni yake inakera. Hivyo hivyo "get over it" na "snap out of it", zote zinamwambia mtu maumivu yako yameshatuchosha. Ile jikaze yetu ya upendo iko karibu na "hang in there", vumilia tu, ila hii inamfaa mtu aliye katikati ya jambo gumu ambalo litapita, mitihani, kazi ngumu, ugonjwa wa kupona, haimfai mfiwa. Kwa mfiwa sema "I'm so sorry for your loss" ukaishie hapo. Pole yetu haina neno moja huko, na "sorry" ndo inayobeba mzigo wake, isikutishe ukiona kama unaomba msamaha.

Kwa hiyo umeshaona kwamba maana peke yake haitoshi, unatakiwa ujue neno limebeba sifa au lawama. Njia rahisi kuliko zote ni kutumia kamusi za wanafunzi, zile za Oxford na Cambridge zipo bure kwenye intaneti, na kwenye maneno ya aina hii huwa wanaweka kialama kidogo cha "approving" au "disapproving" kabla ya maelezo. Wengi wanakiruka kwasababu macho yanakimbilia maana. Anza kusoma kialama kwanza. Fanya zoezi hili na familia nzima ya "self": "self-reliant" ni mtu anayejitegemea, sifa. "Self-respect", kujiheshimu, sifa. "Self-centred", anayejifikiria yeye tu, lawama. "Self-important", anayejiona wa maana kuliko alivyo, lawama. "Self-righteous", anayejiona mwema kuliko wenzake, lawama nzito. Na "self-esteem" si sawasawa na "self-confidence" ingawa watu wanazibadilishana, esteem ni thamani unayojipa wewe kama mtu, confidence ni imani kwamba unaweza kufanya jambo, ndo maana unaweza kukutana na mtu anapanda jukwaani anaongea bila woga wowote na bado moyoni anajiona si kitu.

Tukija kwenye mtazamo, neno la kuwa nalo makini kuliko yote ni "attitude". "She has a good attitude", ana mtazamo mzuri, anapokea mambo vizuri. "She has an attitude", nukta, bila kivumishi, maana yake ana kiburi, ana nyodo. Yaani kuondoa neno moja "good" hakukuachi katikati, kunakutupa upande wa pili. "Outlook" haina hatari hiyo, "outlook on life" ni mtazamo wa maisha kwa ujumla, ila ukiigeuza ikawa "look out!" ni angalia, hatari. Na "mindset" siku hizi iko kila mahali, sana sana "growth mindset", ambayo ilienezwa na Carol Dweck, profesa wa saikolojia wa Stanford, kwenye kitabu chake cha 2006, na haimaanishi kuwa na mawazo mazuri mazuri kama wengi wanavyoitumia, inamaanisha kuamini kwamba uwezo wako unaweza kukua ukifanya mazoezi na ukijifunza kwenye makosa, kinyume chake ni "fixed mindset", kuamini nilivyozaliwa ndo hivyo hivyo. Ukiitumia kwa maana yake halisi utaonekana umesoma.

"Optimist" na "pessimist" ukijua Kilatini chake huwezi kuzichanganya, optimus ni bora kuliko vyote, pessimus ni mbaya kuliko vyote, kwa hiyo mmoja anategemea bora na mwenzake anategemea baya.

Nahau sasa. Ushauri wangu, usikariri maana ya nahau kabla hujaiona picha yake, na picha yenyewe uihakiki, maana picha ya kwanza inayokujia sa ingine siyo. "Turn over a new leaf", wengi wanaona jani la mti. Hapana, "leaf" hapa ni karatasi ya kitabu, na ukishalijua hilo unakuta kumbe ni ile ile yetu ya kufungua ukurasa mpya, huhitaji kukariri chochote. Inatumika kwa mtu aliyeamua kuacha mwenendo mbaya, siyo kwa aliyehamia nyumba mpya au kununua simu mpya.

"Every cloud has a silver lining", hapa "lining" ni bitana, ile bitana ya koti. Wingu jeusi lina jua nyuma yake, pembeni panang'aa kama limeshonewa bitana ya fedha. Picha hii imetoka kwa mshairi John Milton, 1634. Watu wengi huitafsiri kwa baada ya dhiki faraja na mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo, ila sasa siridhiki nayo kabisa, kwasababu methali yetu inasema faraja inakuja baada ya dhiki, na wao wanasema zuri limo ndani ya hilo hilo baya, kwa wakati huo huo. Umekosa kazi lakini umepata muda wa kumuuguza mama, hiyo ndo "silver lining". Baada ya dhiki faraja iko karibu zaidi na "there's light at the end of the tunnel". Ukizipanga hivi hutaitumia moja mahali pa nyingine.

Alafu hii, "pull yourself up by your bootstraps". Bootstrap ni ule mkanda mdogo nyuma ya buti wa kuvutia ukiivaa. Jaribu kujiinua kutoka chini kwa kuvuta mkanda wa buti uliyovaa mwenyewe. Haiwezekani, na karne ya 19 watu walipoanza kuisema walimaanisha hivyo hivyo, jambo lisilowezekana. Baadae ikageuka ikawa sifa ya mtu aliyetoka chini kwa jasho lake bila msaada wa mtu. Ila ile maana ya zamani haijafa, na wapo watakaokasirika ukimwambia maskini ajiinue kwa mikanda ya buti, kwa hiyo mimi naitambua nikiisoma lakini kuisema siisemi, na nakushauri hivyo hivyo. Ndo hiyo hiyo bootstrap iliyotupa "boot" ya kuwasha kompyuta, mashine inayojiinua yenyewe.

Kuna neno letu moja linaloleta shida hata bila nahau, tamaa. Kukata tamaa ni kupoteza tumaini, hapo tamaa ni nzuri. Fulani ana tamaa ni mlafi, hapo ni mbaya. Kwa Kiingereza hizo hazikutani kabisa: kukata tamaa ni "give up" au "lose hope", mwenye tamaa ni "greedy", na mwenye ndoto kubwa anayezikimbilia ni "ambitious". Nimeshasikia mtu anaogopa kujiita "ambitious" kwasababu kamusi yake ilimwambia ni mwenye tamaa. Usiogope, leo kwenye intavyuu hiyo ni sifa. Na "give up" angalia kinachofuata, "give up" peke yake ni kukata tamaa, "give up smoking" ni kuacha sigara na ni jambo la kupongezwa, "give up on someone" ni kumkatia tamaa mtu.

Nyingine ni fanya. Sisi tunafanya kila kitu, tunafanya makosa, tunafanya bidii, tunafanya maamuzi, Kiingereza kimegawa na hakuna kanuni ya kukuokoa, ni kuzoea tu. "Make a mistake, make an effort, make a decision, make progress". "Do your best, do your part". Malengo "you set", na ukiyafikia "you reach". Azimio la mwaka mpya "you make a resolution", alafu ama "you keep it" ama "you break it". Tabia mbaya pia "you break a bad habit". Ziandike hivyo hivyo mbili mbili, kitenzi na nomino yake, usiandike "habit" peke yake kwenye daftari maana siku ya kuongea utakuwa na nomino isiyo na miguu.

Daftari lenyewe mimi nalipanga hivi: kila -ji- ina ukurasa wake, juu naandika sentensi ya Kiswahili kama ningeisema, chini sentensi nzima ya Kiingereza, pembeni naandika sifa au lawama, na mstari wa mwisho naandika naweza kumwambia nani, bosi, rafiki, mtoto, mfiwa. Neno moja kwa siku linatosha kabisa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885 akaonesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, saa za kwanza kabisa, alafu kasi inapungua, kwa hiyo ukurasa wa leo ufungue tena kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu baada ya wiki. Kila ukirudi funika Kiingereza, soma Kiswahili, sema kwa sauti, ndo ufunue. Na sentensi ziwe za kweli kuhusu wewe, hili silegezi. Zile nukuu za kutia moyo zenye picha za milima na machweo hazifundishi lugha, kwasababu hazina msemaji wala msikilizaji, hujui nani anamwambia nani na kwa sauti gani.

Ukishafika ukurasa wa kumi utakuwa na vya kutosha kujibu lile swali linalowatoa watu jasho, udhaifu wako ni upi. Tumia umbo hili: "I used to" na tabia ya zamani, "but I've been working on it", alafu kitu halisi unachofanya. Angalia "used to" isichanganywe na "I'm used to", ya kwanza ni nilikuwa na sasa siko hivyo, ya pili ni nimezoea. Wa kujishtukia anaweza kusema "I used to be self-conscious about speaking in meetings, but I've been working on it. Now I prepare one question before every meeting and I make sure I ask it." Chukua karatasi yako ya zile -ji- kumi, tafuta ile inayokuuma zaidi, na sentensi yako ya kwanza leo ianze na "I used to".